Mombasa, Dar es Salaam au Tanga: reli ipi itufikishe baharini?

Mzigo wa Uganda una milango mitatu ya baharini inayozungumzwa kwa dhati: Mombasa kupitia mpaka wa Malaba, Dar es Salaam kupitia Mwanza na Ziwa Viktoria, na Tanga kupitia Arusha na Musoma. Lamu ni wa nne, ila huo uko zaidi kwenye makaratasi. Wanasiasa wakiilinganisha milango hii hushika kilomita: huku kufupi, kule kurefu. Wenye maghala na mawakala wa forodha wana hesabu yao nyingine. Wao huuliza mzigo utahamishwa mara ngapi njiani. Kontena likitoka kwenye behewa kuingia melini, au likitoka kwenye reli pana kwenda reli nyembamba, kuna winchi ya kulipiwa, kuna karatasi ya kugongwa muhuri, na kuna siku za kusubiri ambazo hakuna anayekurudishia. Mimi naifuata hesabu hii ya pili, na sababu zangu zinaanzia mbali kidogo.

Miaka 30 ya kupitia ziwani

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na mwisho wa 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence. Wapo wanaocheka kwamba Reli ya Uganda haikufika Uganda. Ilifika. Kisumu na nchi inayoizunguka ilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda mpaka 1902, Waingereza walipoihamishia upande ambao leo ni Kenya. Mpaka ndio uliosogea.

Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wanandi waliipinga njia hiyo na watu wake mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Gharama ilizidi pauni milioni 5, na kule London mbunge Henry Labouchere hakuacha kuukejeli mradi mzima. Tukumbuke jambo moja dogo la kiufundi, maana litaturudia: reli ililazwa kwa upana wa mita moja, ili vichwa vya treni na mabehewa viweze kuletwa kutoka India, ambako upana huo ulikuwa umezoeleka.

Baada ya hapo, kwa miaka 30, kila kilichotoka Uganda kwenda baharini kilivuka ziwa. Chukua robota la pamba kutoka upande wa Lango au Teso miaka ya 1910. Linapakiwa kwenye meli ya Ziwa Kyoga. Linashushwa Namasagali na kupandishwa kwenye reli fupi ya Busoga, iliyofunguliwa 1912 kwa sababu maporomoko ya Nile hayapitiki kwa chombo. Jinja linashushwa tena, linaingia kwenye meli ya Ziwa Viktoria. Kisumu linashushwa, linapanda treni. Mombasa linashushwa, linaingia kwenye meli ya baharini. Hesabu mwenyewe mabega yaliyolibeba robota hilo.

Waingereza walilichoka zoezi hilo. Badala ya kununua meli zaidi, wakajenga reli nyingine kutoka Nakuru, ikapanda hadi karibu na Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikateremka Eldoret na kuingia Tororo. Daraja la reli juu ya Nile pale Jinja lilipokamilika, treni ya kutoka Mombasa iliingia Kampala mwaka 1931 bila mzigo kuguswa njiani. Ni kweli kwamba walowezi wa Uasin Gishu nao walikuwa wakiidai reli ipite kwao, na sauti yao ilisikika kuliko ya mkulima wa pamba. Hata hivyo mtu hapandishi treni mlima wa namna ile bila sababu. Sababu kubwa ilikuwa kuukwepa upakuzi wa Kisumu.

Matawi yaliyobaki nayapitia haraka. Tororo hadi Soroti ilifunguliwa 1929. Kampala hadi Kasese ilifika 1956 kuifuata shaba ya Kilembe. Njia ya kaskazini ikaendelea kupitia Lira na Gulu mpaka Pakwach mwaka 1964. Shirika la pamoja la Afrika Mashariki likavunjika 1977, kila nchi ikabeba chake, na tangu hapo kazi ya reli kwetu imekuwa ya kupunguza zaidi kuliko kuongeza. Treni ya abiria ilisimama 1997. Mwaka 2006 Kenya na Uganda zilimkabidhi mwekezaji mmoja reli zote mbili kwa mkataba wa miaka 25. Kabla ya nusu ya muda huo kufika mkataba ukavunjwa, Kenya 2017 na Uganda mwaka uliofuata.

Mombasa kupitia Malaba

Huu ndio mlango unaotumika. Sehemu kubwa mno ya mizigo yetu hupita Mombasa, na hakuna nchi ya bara yenye mzigo wa kupita mwingi bandarini hapo kuliko Uganda. Tatizo ni kwamba mzigo huo uko juu ya malori. Kampala hadi Mombasa kwa barabara ni kilomita 1,150 na ushee, na dereva mzoefu huzimaliza kwa siku tatu au nne, mpakani pakiwa shwari. Kwa reli kongwe ni zaidi ya kilomita 1,300, ikiwa na kona na miinuko ileile ya enzi za mvuke.

Kenya ilizindua SGR, yaani reli pana ya kisasa, ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, kilomita 472, na mwaka 2019 ikaisogeza hadi Naivasha. Hapo ikakwama. Uganda ilikuwa imesaini na kampuni ya Kichina tangu 2015 kujenga upande wake. Fedha zilisubiriwa miaka, kwa sababu mkopeshaji hakuona mantiki ya kugharimia reli inayoanzia Malaba ilhali ile ya Kenya haijafika hapo. Januari 2023 serikali ikauvunja mkataba ule, na Oktoba 2024 ikasaini na Yapı Merkezi ya Uturuki: Malaba hadi Kampala, kilomita 272, euro bilioni 2.7, miezi 48.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Reli kongwe ya mita moja, pamoja na uchovu wake wote, ina sifa moja ambayo hakuna mpya iliyoipata bado: behewa likifungwa Kilindini, bandarini Mombasa, hufunguliwa Kampala. Kontena la SGR hushuka Naivasha, likahamishiwa reli nyembamba, ndipo likaja Malaba na kuendelea. Mara moja tu, mtu atasema. Lakini mara hiyo moja inategemea kuwepo kwa behewa jembamba linalosubiri pale Naivasha, na kichwa cha kulivuta chenye afya. Kimojawapo kikikosekana, mwenye mzigo huita lori na safari inaendelea kwa lami.

Kwa hiyo kipimo cha SGR ya Malaba kwangu ni pengo la Naivasha, Kisumu na Malaba. Likizibwa, kontena litatoka Mombasa hadi Kampala bila kuguswa, na Mombasa itakuwa haina mshindani. Lisipozibwa, Uganda itakuwa na reli nzuri ya umeme inayoanzia kwenye mpaka, na mzigo wa Naivasha utaendelea kufika Malaba kwa reli ya mita moja, kisha uhamishwe mara ya pili. Wanaosherehekea mkataba wa Kampala wangeuliza habari za Naivasha kwanza. Na hata pengo likizibwa, SGR ya Kenya inavutwa na dizeli na yetu imechorwa kwa umeme, hivyo kichwa kitabadilishwa Malaba. Hilo halinisumbui, kubadilisha kichwa ni kazi ya muda mfupi ukilinganisha na kuhamisha kontena 50.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba funguo zake hazikai Kampala. Mwaka 1976 Idi Amin alipodai sehemu za magharibi ya Kenya, mafuta na mizigo yetu ilibanwa. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, vijana waling'oa reli pale Kibera na pampu za Kampala zikakauka. Januari 2022 haikuhitaji hata siasa: mgogoro wa upimaji wa korona kwa madereva uliacha foleni ndefu ya malori mpakani, na bei ya petroli ikapanda juu ghafla. Kila tukio kama hili likitokea, mtu fulani serikalini hulitaja ziwa.

Dar es Salaam kupitia Mwanza

Ziwa si wazo la jana. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza mwaka 1928. Nayo ni ya upana wa mita moja, sawa na yetu. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1960 zilikuja meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, na katika miaka ya 1980 Uganda ikapata za kwake tatu: Kabalega, Pamba na Kaawa. Serikali ya wakati huo ilikuwa imekwisha kuonja ubaya wa kutegemea njia moja.

Namna meli hizi zinavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hudhani ziwa la leo ni lile la pamba ya Namasagali. Si lile. Meli hurudi kinyumenyume mpaka tezi yake ikae sawa na daraja la chuma lenye reli juu yake, daraja linaloweza kupanda na kushuka. Reli za gatini na reli za sitahani zikigusana, kichwa kidogo cha kupanga mabehewa husukuma safu moja ndani, kisha safu ya upande wa pili, ili meli isilalie ubavu mmoja. Huingia mabehewa 20 hivi. Upande wa pili mambo hufanyika kinyume, na behewa lililofungwa Dar linatoka Port Bell, bandari ya Kampala ziwani, likiwa na lakiri yake ileile na kupanda kilima kwenda Kampala. Kwa kipimo cha idadi ya kuhamishwa, njia hii ni sawa kabisa na Reli kongwe ya Mombasa: sifuri.

Hapo ndipo penye kichekesho. Tanzania imejenga SGR ya umeme, na tangu katikati ya 2024 abiria wanatoka Dar hadi Dodoma kwa saa chache. Mpango ni ifike Mwanza, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Itakapofika, itakuwa ya kasi na ya uzito mkubwa, lakini behewa lake haliwezi kuingia kwenye MV Umoja wala kupita kwenye reli ya Port Bell. Kontena litashuka Mwanza, litaingia melini, litashuka Port Bell au kwenye bandari ya Bukasa inayopangwa, kisha litapanda lori au treni. Njia iliyokuwa haina uhamishaji hata mmoja itakuwa na miwili. Anayekwambia kwamba SGR ya Mwanza itamaliza shida ya Uganda, mwombe akuonyeshe meli yake kwanza.

Meli zenyewe ndizo kiungo dhaifu. Mei 2005 MV Kabalega na MV Kaawa ziligongana ziwani. Kabalega ikazama, na huduma ikafa kwa miaka. Mwaka 2018 MV Umoja ilirudi kwenye safari ya Mwanza na Port Bell baada ya kimya cha zaidi ya mwongo mmoja, na mwishoni mwa 2019 MV Uhuru ikaanza tena kuleta mizigo kutoka Kisumu. Ziwa nalo lina hasira zake. Mwaka 2020 maji yalipanda kufikia viwango ambavyo havijaonekana tangu miaka ya 1960, yakafunika magati, Port Bell ikiwamo. Magugu maji hayahitaji maelezo. Mtu wa Luzira ameyaona yakiziba ghuba yote asubuhi moja. Meli ikiingia chelezo kwa matengenezo, hakuna ya akiba ya kutosha, na reli nzima ya nyuma yake husimama kuisubiri.

Bado naitetea njia hii, kwa sababu mbili. Mzigo mzito usio na haraka, kama ngano, chuma, mbolea au saruji ghafi, unavumilia ratiba ya meli, na mwenye nao hufurahia kulipa kidogo kuliko lori. Ya pili ni ya kibiashara tu: mteja mwenye mlango mmoja hapunguziwi bei. Mizigo hata michache ikipita Mwanza kila wiki, mazungumzo ya ushuru na tozo na wenzetu wa Mombasa hubadilika sauti. Mwaka 2023, Kampala na Nairobi zilipovutana juu ya nani aingize mafuta ya Uganda, Dar na Tanga zilitajwa haraka, na mapema 2024 makubaliano yakapatikana. Sidhani ilikuwa bahati.

Tanga, na neno moja kuhusu Lamu

Tanga ina reli ya zamani kuliko zote katika eneo hili. Wajerumani waliianza 1893, wakachukua karibu miaka 20 kufika Moshi, na Waingereza wakaifikisha Arusha 1929. Wazo la kuiendeleza hadi Musoma, zaidi kidogo ya kilomita 1,000 ukihesabu kutoka baharini, limekuwa mezani tangu miaka ya 1980. Kwenye ramani linavutia: mstari unakwenda karibu moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi hadi ng'ambo ya ziwa kutoka Uganda.

Ukishuka kutoka kwenye ramani, mambo ni mengine. Kipande cha Arusha hadi Musoma hakijajengwa hata mita moja. Kinapita nchi ya Bonde la Ufa karibu na Ziwa Natron, mahali ambapo flamingo wa Afrika Mashariki huzaliana, na kila mpango wa kuchimba magadi huko umekutana na upinzani. Treni ikifika Musoma, ziwa linabaki palepale, pamoja na meli, magati na magugu. Kwa maneno mengine ni gharama ya reli mpya kwa upande mmoja na udhaifu wote wa Mwanza kwa upande mwingine.

Wanaoipigia debe Tanga hutaja bomba la mafuta ghafi, na kweli mwaka 2016 Uganda iliichagua Chongoleani, pale Tanga, badala ya Lamu, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Bomba na reli ni biashara mbili tofauti. Mafuta huenda upande mmoja siku zote, hayana kontena tupu la kurudisha, na hayapandi meli ziwani; bomba limezunguka magharibi ya ziwa. Bandari ya Tanga yenyewe imeboreshwa: magati yameongezwa kina, na meli kubwa hazilazimiki tena kutia nanga mbali na kushusha mizigo kwenye matishari. Hilo ni jema kwa Arusha na Moshi. Kwa Kampala, kwa kizazi hiki, naiweka ya mwisho katika tatu.

Lamu ilipata gati lake la kwanza linalofanya kazi Mei 2021. Reli yake imechorwa kuelekea Isiolo na kuendelea Sudan Kusini na Ethiopia. Hata ikijengwa, Uganda itaipata kwa mlango wa pembeni.

Basi mwenye mzigo achague nini?

Inategemea anabeba nini. Muuza kahawa mwenye kontena la futi 20, magunia 320 ya kilo 60, ana meli ya tarehe fulani na mnunuzi anayehesabu siku. Huyo atabaki Mombasa, kwa lori au kwa treni ya moja kwa moja kama ipo, na sioni sababu ya kumshawishi vinginevyo. Anayeleta koili za chuma kwa kiwanda cha Namanve au Jinja anaweza kujaribu Dar na ziwa, ilimradi ghala lake lina akiba ya kumvusha meli ikichelewa. Mwenye mzigo wa Gulu, Arua au Juba asiangalie SGR hata kidogo kwa sasa. Chake ni kufufuliwa kwa reli ya mita moja ya Tororo hadi Gulu, kilomita 375, kazi iliyopewa kampuni ya Kichina mwaka 2023 na isiyopigiwa matarumbeta kama SGR, ingawa ingemfaa mapema zaidi.

Nikiulizwa kama mlipa kodi, mpangilio wangu ni huu: reli kongwe ya Malaba na Kampala itengenezwe vizuri na mabehewa yaongezwe sasa, SGR iende kwa kasi ileile ambayo Kenya inaziba pengo lake, na fedha kidogo zitengwe kila mwaka kwa ajili ya meli na gati la Port Bell. Tanga isubiri.

Na kabla ya kusaini na wakala, muulize swali ambalo bei ya kwenye karatasi hailiweki wazi: kontena tupu litarudishwa wapi, na nani atalipa likichelewa. Kontena si lako, ni la kampuni ya meli, na siku za bure zikiisha tozo huanza kuhesabika kwa dola. Uganda huingiza makontena mengi yaliyojaa kuliko inayoyatoa, kwa hiyo mengi hurudi matupu. Kwa lori linaloshuka Mombasa hilo ni jambo la kawaida, dereva anarudi nalo. Kwa njia ya ziwa, kontena tupu husubiri nafasi melini nyuma ya mizigo inayolipa zaidi, na wapo waliookoa pesa ya usafirishaji wa kuja wakaipoteza yote kwenye kontena lililokaa Port Bell likisubiri behewa.